Dakika Iliyouzwa: Kupanga Matangazo ya Biashara kwa Kompyuta

Siku hizi parokia kadhaa, vikundi vya akina mama na kamati za maendeleo zina redio zao. Redio Mang'elete kule Nthongoni, Makueni, iliyoanza kusikika mwaka 2004, ilitokana na vikundi vya akina mama. Redio za namna hii hutangaza habari za mvua, chanjo, bei ya mahindi na ibada. Lakini stima hailipwi kwa maombi peke yake. Kwa hiyo redio huuza dakika chache kwa mwenye duka, kwa mwenye mashine ya kusaga unga, kwa chama cha akiba na mikopo. Somo letu la toleo hili ni juu ya dakika hizo: jinsi zinavyopangwa kwa kompyuta, jinsi zinavyopotea, na jinsi ya kutoa hesabu yake.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na dakika ya redio ni mali ya ajabu. Gunia la mahindi lisilouzwa leo laweza kuuzwa kesho. Dakika ya saa moja asubuhi ikipita, imepita. Huwezi kuiweka stoo.

SHABAHA YA SOMO

Tukimaliza, kamati ya redio iweze:
(a) kueleza safari ya tangazo tangu mteja anapolipa mpaka linaposikika;
(b) kuhesabu nafasi za kuuza kabla ya kuziuza;
(c) kutambua mitego ambayo huangusha matangazo kimyakimya;
(d) kulinganisha oda, ratiba na ripoti kabla ya kumpelekea mteja invoisi.

1. KARATASI TATU

Kila tangazo la biashara lina karatasi tatu, hata kama mbili kati yake zimo ndani ya kompyuta.

Ya kwanza ni ODA. Hii ni ahadi tuliyompa mteja: jina lake, urefu wa tangazo, mara ngapi kwa siku, saa zipi, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, na bei. Iandikwe na isainiwe na pande zote mbili. Maneno ya mdomoni hayatoshi, hata kama mteja ni mzee wa kanisa.

Ya pili ni RATIBA YA SIKU, ambayo mafundi huiita logi. Ni orodha ya kila kitu kitakachochezwa siku hiyo, dakika kwa dakika.

Ya tatu ni RIPOTI. Hii inasema kilichochezwa kwa kweli, na saa yake.

Katika redio kubwa, kazi ya kuhamisha oda kuingia katika ratiba huitwa trafiki. Hapa si polisi wa barabarani, lakini wanafanana kidogo: mtu wa trafiki huamua nani apite sasa na nani angoje, ili wasigongane. Katika redio ndogo mtu mmoja aweza kuuza, kupanga na kutangaza. Hata hivyo tunashauri kwamba anayeuza asiwe ndiye anayekagua ripoti. Si kwamba tunamshuku mtu. Macho mawili huchoka, manne huonana.

2. PROGRAMU INAFANYA NINI

Zamani kila tangazo lilikuwa katika kanda yake ndogo iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki, iitwayo katriji. Vituo vya redio vya Marekani vilianza kuzitumia mwaka 1959. Mtangazaji alikuwa na rafu imejaa katriji, akachomoa moja, akaiingiza katika mashine, akabonyeza. Asipoichomoa, tangazo halikutoka.

Siku hizi rafu hiyo imo ndani ya kompyuta, lakini jina limebaki. Tuchukue mfano wa Rivendell, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Linux. Ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Salem Radio Labs, tawi la kampuni ya utangazaji wa Kikristo ya Marekani. Programu nyingine huita vitu majina mengine, lakini mpango ni ule ule.

Ndani ya Rivendell, kila tangazo lina katriji yenye namba ya tarakimu sita. Ndani ya katriji moja mwaweza kuwa na rekodi kadhaa. Kwa mfano mwenye duka amerekodi sauti tatu: moja ya Kiswahili, moja ya Kikamba, moja yenye bei mpya. Zote tatu zinakaa katika katriji moja, na programu huzizungusha kwa zamu.

Kila rekodi inaweza kupewa tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, siku za wiki, na hata saa za siku. Hii ni msaada mkubwa. Tangazo la mnada wa Jumamosi likipita siku yake, programu yenyewe hukataa kulicheza. Lakini ndipo pia shida huanza, kama tutakavyoona.

3. SAA YA MPANGO NA RATIBA YA SIKU

Hebu fikiria saa ya ukutani. Umeigawa kama keki: habari dakika tano, muziki, mahojiano, matangazo, muziki tena. Hiyo ndiyo saa ya mpango. Programu hukuruhusu kutengeneza saa za mipango mbalimbali: moja ya asubuhi, moja ya mchana, moja ya ibada ya jioni. Kisha unazipanga katika jedwali la wiki lenye saa 24 kwa kila siku, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Jedwali likishakamilika, kazi ya kila siku ina hatua tatu:
(i) Kutengeneza ratiba tupu ya kesho kutoka katika jedwali. Nafasi za muziki na za matangazo zipo, lakini bado ni mapengo.
(ii) Kuingiza muziki.
(iii) Kuingiza matangazo kutoka katika orodha ya mtu wa trafiki.

Baada ya hapo mtu AISOME. Tunarudia: aisome yote, kwa macho, kabla ya kwenda nyumbani. Pengo lililobaki wazi huonekana leo saa tisa mchana. Kesho saa moja asubuhi ni kuchelewa. Ratiba za Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zitengenezwe Ijumaa, maana Jumapili asubuhi watu wako kanisani.

4. HESABU KABLA YA KUUZA

Tuseme kila saa ina zamu tatu za matangazo, kila zamu dakika mbili. Hizo ni dakika sita, yaani nafasi 12 za sekunde 30. Kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi ni saa tatu, kwa hiyo nafasi ni 36.

Je, tuuze zote 36? Hapana. Redio ya jamii ina matangazo yasiyo ya biashara: vifo, mtoto aliyepotea, chanjo, mkutano wa maji. Tuwekee jamii nafasi 2 kila saa, jumla 6. Zimebaki 30 za kuuza. Namba hiyo iandikwe ukutani, mahali ambapo mwuzaji anaiona kila anaposhika simu.

Asubuhi ndipo watu wengi husikiliza, kwa hiyo kila mteja anataka asubuhi. Mwuzaji akiahidi nafasi 40 wakati zipo 30, programu haitanunua dakika nyingine. Itajaza 30, na 10 zitabaki nje au zitasukumwa. Lawama haitakwenda kwa kompyuta. Itakwenda kwa redio, na redio ni ya watu wote.

Kumbuka pia sheria. Kanuni za utangazaji za Kenya za mwaka 2009 ziliweka kwamba redio yenye leseni ya jamii itangaze biashara zinazohusu jamii ya eneo lake, na mapato yarudi katika shughuli za kuwafaidi watu hao. Kwa hiyo dakika tunayouza si ya meneja wala ya padre. Ni ya kijiji, tumewekwa kuilinda tu.

5. JIRANI WA TANGAZO

Nafasi zikipatikana, tazama majirani. Maduka mawili ya mbegu yasifuatane katika zamu moja. Wote wawili watanung'unika. Tangazo la harusi na disko lisije mara tu baada ya tangazo la msiba. Tangazo lisilowafaa watoto lisiwekwe saa ambazo watoto wanasikiliza. Programu kubwa za trafiki zaweza kutenganisha washindani zenyewe ukiziambia nani anauza nini. Lakini hakuna programu inayojua kwamba mzee aliyefariki jana ndiye baba wa mwenye disko. Hilo linajulikana na mtu wa hapa tu.

6. MFANO WA DUKA LA MBEGU

Mama mmoja mwenye duka la mbegu anataka wakulima wanunue kabla ya mvua za masika. Bei tunayotumia ni ya mfano tu.

Oda yake: sekunde 30, mara 4 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia tarehe 2 hadi 14 Machi. Mara mbili asubuhi, mara moja baada ya habari za saa 7 mchana, mara moja saa 1 jioni. Hizo ni siku 12, mara 4, jumla matangazo 48. Kwa shilingi 300 kila moja, ni shilingi 14,400.

Katika kompyuta: fungua katriji, ingiza rekodi, weka tarehe ya kuanza 2 Machi na ya kwisha 14 Machi usiku. Ingiza nafasi nne za kila siku katika orodha ya trafiki. Tengeneza ratiba, isome, hesabu: leo zipo nne? Sawa.

Mambo yakaenda hivi. Alhamisi ya wiki ya kwanza stima ilipotea jioni, na jenereta haikuwa na mafuta: tangazo moja limeanguka. Jumanne ya wiki ya pili transmita ilizima asubuhi: mawili yameanguka. Yaliyosikika ni 45.

Sasa tufanye nini na hayo matatu? Mtu aweza kusema, "Tutamwongezea wiki ijayo." Lakini wiki ijayo mvua imenyesha na watu wamekwisha panda. Tangazo la mbegu baada ya kupanda ni kama mwavuli baada ya mvua. Kwa hiyo haya hurudishwa KABLA ya tarehe 14, katika saa zenye thamani ile ile. Tangazo la asubuhi halirudishwi kwa tangazo la usiku wa manane. Ikiwa haiwezekani, mteja hupunguziwa shilingi 900, alipe 13,500. Na yeye ndiye achague. Apigiwe simu siku ile ile, si mwisho wa mwezi:

"Mama, shikamoo. Tangazo lako la jana jioni halikutoka, stima ilipotea. Tukuwekee lingine kesho asubuhi, ama tukupunguzie?"

Simu hiyo hugharimu shilingi chache. Mteja aliyesikia habari mbaya kutoka kwako mwenyewe hurudi msimu ujao. Aliyeisikia kutoka kwa jirani harudi.

7. MITEGO

Matangazo mengi hayaangushwi na kompyuta kuharibika. Huangushwa na mambo madogo.

Saa ya Kiswahili. Mteja amesema "saa mbili asubuhi". Karani akaandika 2. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kwake 02:00 ni saa nane usiku. Tangazo limechezwa siku zote sawasawa, ripoti iko safi, lakini waliosikia ni bundi. Katika oda andikeni zote mbili: saa 2 asubuhi, 08:00.

Tarehe. 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini programu iliyowekwa kwa desturi ya Marekani huisoma 4 Machi. Andikeni mwezi kwa jina.

Rekodi iliyokwisha muda. Mteja ameongeza wiki moja, mmebadilisha oda, mmebadilisha orodha ya trafiki, lakini rekodi yenyewe bado inasema mwisho ni 14 Machi. Ratiba ina nafasi, lakini saa ikifika programu inairuka na kuendelea na wimbo. Hakuna kengele, hakuna anayejua. Tarehe ikibadilika, ibadilishwe mahali pote patatu: oda, rekodi na ratiba.

Saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo inayotunza saa stima ikizimwa. Ikifa, kompyuta huweza kuamka ikidhani ni mwaka wa nyuma. Hapo rekodi zote zitaonekana hazijaanza. Kila asubuhi jambo la kwanza: tazama saa na tarehe kwenye skrini.

Habari zinazokata. Habari za saa hupangwa zianze kwa saa kamili. Programu hutoa njia mbili: zianze papo hapo, au zingoje kilichopo kimalizike ndipo zifuate. Ukichagua papo hapo, na mtangazaji amechelewa dakika moja, tangazo la mwisho la zamu hukatwa katikati. Mteja amelipia sekunde 30, amepata 11. Wakumbusheni watangazaji: ukiongea zaidi, unaongea kwa pesa za mtu mwingine.

8. RIPOTI NA UKWELI

Hapa ndipo kiini cha somo, tusome polepole.

Mwisho wa siku programu hutoa ripoti: katriji hii ilichezwa saa 07:14 na sekunde 20. Ni karatasi nzuri, imepigwa chapa, ina namba. Mtu akiiona huamini. Lakini programu inajua kitu kimoja tu, kwamba sauti ilitoka ndani ya kompyuta. Haijui kama ilifika kwa msikilizaji.

Studio nyingi zina betri za kushikilia kompyuta stima ikipotea. Transmita inakula umeme mwingi, nayo mara nyingi iko mlimani, mbali. Kwa hiyo yawezekana kabisa studio inaendelea, taa za skrini zinacheza, matangazo yanapita moja baada ya lingine, na huku kijijini redio inatoa mvumo tu. Ripoti ya jioni itasema yote 48 yalichezwa. Kumbe yaliyosikika ni 45.

Kwa hiyo ripoti ya kompyuta ilinganishwe na daftari la transmita. Fundi au mlinzi wa mtambo aandike kila mara ulipozima na ulipowaka, saa na dakika. Na studioni iwepo redio ya kawaida, ile ya betri, inayoshika mawimbi kama redio ya mwananchi yeyote. Mtangazaji asikilize hiyo, si sauti ya kompyuta peke yake.

Sasa swali. Mama wa mbegu hakuwa na redio dukani siku ile. Hajui kwamba matatu yalianguka. Ripoti ya kompyuta inakutetea. Je, umpelekee invoisi ya 14,400?

Hakuna polisi atakayekuja kwa ajili ya shilingi 900. Lakini katika Luka 16 Bwana wetu alizungumza juu ya wakili aliyeitwa kutoa hesabu, na pale pale akafundisha kwamba uaminifu hupimwa katika mambo madogo. Redio yetu hiyo hiyo kila asubuhi huwaambia wakulima wasichanganye mawe katika magunia, na wenye maduka wasichezee mizani. Tukiuza dakika ambazo hazikusikika, tumechezea mizani sisi wenyewe, tena tukitumia karatasi ya kompyuta kama kifuniko. Na siku watu wakijua, hawataacha kuamini matangazo ya biashara tu. Hawataamini pia tunapowaambia chanjo imefika au mto unafurika.

Ndiyo maana tunasema kupanga matangazo si kazi ya karani peke yake. Kamati nzima iitazame. Kila mwisho wa wiki mweka hazina, mtu wa trafiki na fundi wakae nusu saa, waweke mezani oda, ratiba, ripoti na daftari la transmita. Zikikubaliana, invoisi iende. Zisipokubaliana, simu kwanza.

9. ORODHA YA KILA SIKU

Ibandikeni mlangoni mwa studio:
1. Saa na tarehe ya kompyuta ni sahihi?
2. Ratiba ya leo haina pengo?
3. Rekodi gani zinakwisha muda leo au kesho?
4. Jana transmita ilizima? Kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?
5. Matangazo gani yalianguka, na wateja wamepigiwa simu?
6. Ratiba ya kesho imetengenezwa na kusomwa? Na nani?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Redio yenu ina nafasi ngapi za kuuza kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi? Mmeweka ngapi kwa ajili ya jamii?
2. Mteja wa karamu ya Pasaka alipoteza matangazo mawili siku ya Alhamisi Kuu. Mtamrudishia lini, na kwa nini?
3. Karani ameandika katika oda "saa 4". Andikeni maana mbili zinazowezekana, na mseme mtafanyaje asikosee tena.
4. Meneja anasema, "Ripoti ya kompyuta ndiyo sheria." Mtamjibuje kwa heshima?
5. Nani katika kamati yenu anashika daftari la transmita? Kama hakuna, mchagueni leo kabla ya kufunga mkutano kwa sala.